Kidole cha Walter Perepelkin

Walter Perepelkin hakuwahi kumwacha mtu akae kabla yeye hajakipangusa kiti. Alikipangusa kwa kiganja cha kushoto, mara mbili, kisha akasema, "Haya, kaa." Kiwe kiti cha jikoni kwake, cha ukumbi wa maombi au cha kwa daktari wa meno, kwake ilikuwa mamoja. Siku ya mazishi ya mkewe alipangusa safu nzima ya mbele, na waombolezaji wakasubiri wamesimama, kofia mikononi. Hakuna aliyeona ajabu. Kila mtu katika bonde la Harrow Creek alikuwa amewahi kupangusiwa kiti na Walter.

Ndiyo iliyokuwa kazi yake kwa miaka thelathini na minne. Alisimama chini ya mlima, pale ambapo viti vya lifti, vile vinavyoning'inia kwenye waya, huzunguka na kuanza kupanda upya, akiviondolea theluji kimoja kimoja, akivishika visiwagonge watu nyuma ya magoti, akiwakalisha na kuwaacha wapae. Waliojenga lifti ile waliweka kituo cha chini nyuma ya kilima kidogo chenye misonobari, ili kukinga upepo. Upepo ukakingika, na mlima wote ukakingika nao. Kutoka pale aliposimama, Walter aliona nyuso zikija na makalio yakienda. Hakuona zaidi ya hapo. Alifanya kazi miaka yote hiyo kwenye mlima wa kuteleza kwa ski bila kumwona mtu akiteleza.

"Watu wa bonde hili nawajua kwa makalio kuliko mama zao," alipenda kusema, na watu wakacheka. Lukeria, binti yake, alicheka pamoja nao mpaka alipofika umri wa kujiuliza kama ule ulikuwa utani.

Kwa maana Lukeria ndiye aliyekuwa mtelezaji mashuhuri wa mlima ule. Alipokuwa na miaka kumi na tisa aliruka jabali waliloliita Friji, jiwe la mraba lenye kimo cha nyumba ya ghorofa, akatua kwenye theluji laini, akaendelea kushuka kana kwamba amekanyaga ukingo wa barabara tu. Siku hiyo baba yake alipata habari akiwa kituoni. Watu walishuka mlima, wakazunguka kilima, wakafika kwenye viti wakitweta.

"Walter! Binti yako ameruka Friji!"

"Ameanguka?"

"Hakuanguka!"

"Vizuri. Kaa."

Alistaafu akiwa na miaka sitini na sita, na daktari akachagua mwaka huohuo kumwambia kwamba vali moja ya moyo wake imechoka kuliko yeye. Ingebidi wampasue Aprili, msimu ukiisha. Vuli ile Walter akanunua kamera ya mtumba kwa daktari wa meno aliyekuwa akihamia pwani. Ilikuwa nyeusi na nzito, na lenzi yake ilikuwa ndefu kama mkono wa mtoto.

"Kamera ya nini, Baba?" Lukeria alimuuliza.

"Nataka kukuona ukiruka Friji."

"Unaweza kuniona bila kamera. Panda juu, simama, tazama."

"Kitu kinachopita kasi vile? Nataka kisimame, Lusha. Nikiweke mezani nikitazame nimekaa. Nikienda kupasuliwa niende nimeshakiona."

Lukeria alikuwa na miaka arobaini na tatu, mkuu wa kikosi cha uokoaji cha mlima, na kwa wakati huo alikuwa hajaruka Friji kwa miaka miwili. Hakuna aliyejua. Alikuwa ameanguka mahali ambapo hata watoto hawaanguki, kwenye njia tambarare, akivuta machela tupu, akavunjika nyonga na kuwekewa skrubu tatu. Baada ya hapo, kila alipofika ukingoni mwa Friji, ski zake, zile mbao za kutelezea miguuni, zilikata kushoto zenyewe na kumshusha kupitia mitini. Mwokoaji haulizwi kwa nini haruki majabali. Alijiambia kwamba ni busara ya umri, na siku nyingine aliamini.

"Sawa, Baba," alisema. "Theluji ikiwa nzuri."

Msimu ukaanza, na Walter akaanza ujinga mmoja baada ya mwingine, kama kila anayejifunza. Wiki ya kwanza aliiachia kamera ifikirie. Kamera, ilipoona weupe mwingi kiasi kile, ikadhani kuna makosa na kuupunguza, na theluji ikatoka rangi ya kijivu.

"Theluji yako ina rangi ya maji ya kuoshea vyombo," alisema Bernadette Cyr, mwenye kantini, mwanamke aliyemjua Walter tangu wakiwa darasa moja na hivyo hakuwa na haja ya adabu.

Wiki ya pili betri ilikufa kwa baridi kila baada ya robo saa, mpaka akajifunza kuiweka kwapani na kuizungusha na ya pili, moja ikifanya kazi na nyingine ikiota joto. Wiki ya tatu aliingia kantini na kamera shingoni kutoka kwenye baridi kali, na lenzi ikatoka jasho ndani na nje, ikawa kama dirisha la bafu. Bernadette akampa mfuko wa plastiki wa mkate.

"Ifunge humu kabla hujaingia. Ipate joto taratibu, kama samaki wa kwenye barafu. Wewe hujawahi kuyeyusha samaki?"

"Kamera si samaki."

"Basi iache ilie."

Lakini ujinga mkubwa zaidi haukuwa wa kamera. Picha nzuri hupatikana siku ya theluji mpya, mwanga ukiwa wa jua linalochomoza, mtelezaji akikubali kusimama juu na kungoja mpiga picha ajipange chini. Na kwenye milima yote ya ulimwengu huu kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote: siku ya theluji mpya hakuna rafiki. Waliomsalimia Walter kwa kumkumbatia siku ya barafu walimpita siku ya theluji kama mti. Waliokubali kusimama walikuwa wale ambao kusimama ndiko walikokujua vizuri: mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa posta na mkewe, bibi wa duka la sufu. Walter akawapiga picha hao, nao wakaanguka, naye akawapiga picha wakianguka. Hapo hakuna aliyeshangaa.

Mshangao ulikuja na Kellen Dufresne. Kellen alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili aliyeruka kwa ubao wa theluji na ambaye, tofauti na wengine, alipenda picha zake kuliko theluji mpya.

"Mzee Walter, leo nipige mimi. Nageuka mara mbili hewani, natua kama paka."

"Haya. Inua mkono kabla hujaanza."

Aliruka mara kumi na tatu. Mara kumi na mbili alitua kama paka. Mara ya kumi na tatu ubao ulinasa, akaenda na kichwa. Walipokutana chini, Kellen, theluji imemjaa shingoni, alitazama kioo cha kamera na kukuta picha moja tu: yeye mwenyewe kichwa chini miguu juu, kinywa wazi, glovu moja ikimtangulia.

"Na zile kumi na mbili?"

"Zipi?"

"Nilizotua, mzee!"

Walter alifikiri kwa uaminifu. "Nilikuwa tayari," alisema. "Mkono ulikuwepo. Sijui."

Ilipofika katikati ya Januari mlima mzima ulikuwa umempa jina la Tanzia. "Angalieni, Tanzia amejificha kwenye misonobari," walionyana juu ya lifti. Watu wenye akili timamu, wenye mikopo ya nyumba na watoto shuleni, walianza kuzunguka mbali pale walipoona koti lake la rangi ya chungwa. Mama mmoja wa shule ya watoto alimwomba, kwa heshima zote, asimame upande mwingine wa bonde. Walter hakukasirika. Alisimama upande mwingine wa bonde, akasubiri, na mtoto akaanguka, akabonyeza.

Ni Bernadette aliyezipitia zote, mchana mmoja wa ukungu ambao lifti zilifungwa. Walter na Lukeria walikuwa wakinywa supu ya kabichi na krimu, naye akasimama nyuma yao na kitambaa begani, akigeuza picha kwenye kamera kwa kidole gumba kilichokuwa na unga.

"Huyu kaanguka. Huyu kaanguka. Huyu mbona miguu tu? Kaanguka. Mke wa posta kaanguka, mume wa posta kamwangukia. Walter, picha mia nne! Mlima mzima hakuna hata mmoja aliyesimama?"

"Wamesimama wengi," alisema Walter. "Nimewaona kwa macho yangu."

Lukeria hakuwa akitazama picha. Alikuwa akitazama mkono wa kulia wa baba yake, uliolala mezani kando ya bakuli, vidole vimelegea na kile cha shahada kimeinuka kidogo, bila kugusa kitu. Aliujua mkono ule. Alipokuwa mtoto alikaa kwenye kibanda cha lifti saa nyingi akiungoja umalize kazi. Kwenye nguzo, upande wa kulia, palikuwa na kitufe chekundu kikubwa cha kusimamisha viti, na mkono wa kulia wa Walter ulikaa juu yake tangu asubuhi mlima ukifunguliwa hadi alasiri ukifungwa. Mambo yakienda sawa, mkono haukufanya lolote. Mtoto akiteleza, skafu ikinasa, mzee akikaa vibaya, kidole kilishuka kabla hata Walter hajafahamu alichokiona. Miaka thelathini na minne kidole kile kilifundishwa somo moja, nacho kilikuwa mwanafunzi bora bondeni.

"Baba," alisema, "wewe unabonyeza mtu akianguka."

Walter aliweka kijiko chini. Aliutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mfanyakazi mwenzake wa zamani aliyefika bila kualikwa.

"Na nyinyi," akauliza, "mlitaka nibonyeze wakati gani?"

Bernadette alicheka mpaka akakaa. Lukeria pia alicheka, lakini yake ilikatika njiani, kwa sababu hesabu ilikuwa imejipiga yenyewe kichwani mwake. Picha aliyoitaka baba yake ingepatikana kwa njia moja tu, nayo ni yeye kuanguka.

Walijaribu kukirekebisha kidole. Jumapili nne mfululizo Lukeria alisimama nyuma ya baba yake kwenye mteremko wa watoto akisema "Sasa!" kila mmoja alipopita, na Walter akabonyeza kwa utii, akichelewa nusu sekunde, akapata picha safi sana za theluji mahali watoto walipokuwa. Theluji sasa ilikuwa nyeupe kabisa, hata Bernadette alikubali. Lakini kidole kilikuwa kimestaafu, kikachukua pensheni yake, na hakikutaka kibarua kipya.

Walter alilipokea jambo hilo kama alivyopokea mengine yote. Ila hakuacha kuuliza. "Vipi, Lusha, Jumamosi?" Naye Lukeria alikuwa na jibu kila Jumamosi. Theluji ilikuwa ngumu. Mwanga ulikuwa bapa, usiotofautisha shimo na kilima. Kulikuwa na zamu. Kulikuwa na onyo la maporomoko. Sababu zote zilikuwa za kweli, na hilo ndilo lililomchosha. Uongo ungekuwa mwepesi zaidi kubeba. "Hamna shida," baba yake alisema kila mara, na akaenda kuzipa joto betri zake.

Kisha ikaja wiki ya mwisho ya Machi, na usiku mmoja ikaanguka theluji ya kufika magotini, laini, kavu, theluji ya Januari iliyopotea njia. Asubuhi jua likatoka bila wingu hata moja. Jumatatu iliyofuata Walter alitakiwa hospitali. Hapakubaki sababu hata moja iliyosimama.

Walter alipanda lifti akiwa abiria, akatembea kwa viatu vipana vya theluji, akipumzika kila hatua ishirini, mpaka chini ya Friji, kando, mahali ambapo nyayo zake hazingeharibu weupe wa pale Lukeria angetua. Hilo alikuwa amejifunza. Alikuwa ameazima redio kibandani. Lukeria, juu ya jabali, aliisikia sauti ya baba yake ikikwaruza kwenye redio kifuani pake, na kikosi kizima nacho kikaisikia, kwa kuwa redio ya kikosi haina siri.

"Lusha. Nipo. Nimejipanga."

"Ruka, Lukie! Tanzia anakungoja!" sauti ya mtu ikaingilia.

"Nani huyo?" alisema Lukeria. "Hii redio ni ya kazi."

"Na sisi tuko kazini. Tumeshaandaa machela!"

"Nyamazeni," akasema Walter. "Anafikiri."

Alikuwa anafikiri kweli. Chini yake, zaidi ya ukingo, kulikuwa na hewa, halafu weupe, halafu nukta ya rangi ya chungwa. Akiruka akatua, baba hapati kitu. Akiruka akavunjika, baba anaipata picha yake, kali, yenye mwanga mzuri, ya kwenda nayo hospitali. Ilimjia kwamba katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwomba jambo kwa upole kiasi kile, na kwamba jambo lenyewe, likitazamwa kwa karibu, lilikuwa ajali. Akacheka peke yake juu ya mlima. Kisha akasogeza ncha za ski mpaka zikaning'inia, na nyonga ikamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama jirani mwema juu ya ua: usifanye hivyo.

Akakata kushoto.

Akashuka kupitia misonobari na kutokeza pembeni mwa Friji, chini yake, akifanya mizunguko mipana, kulia, kushoto, kulia, theluji ikimpanda mapajani na kuanguka nyuma bila sauti. Hakuteleza vibaya. Aliteleza kama mtu anayerudi nyumbani akiwa na habari mbaya na hana haraka ya kufika. Akasimama karibu na baba yake.

Kamera ilikuwa kifuani mwa Walter. Mkono wa kulia ulikuwa juu yake, umetulia tuli. Macho yalikuwa yamelowa, lakini kulikuwa na baridi.

"Umepata?" aliuliza Lukeria.

"Nini?"

"Picha, Baba."

Walter aliitazama kamera kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine. "La."

"Sikuruka."

"Nimeona."

"Siruki tena. Miaka miwili sasa. Tangu nyonga. Nimekuwa nikikudanganya majira yote ya baridi."

"Kumbe ndivyo unavyofanya na magoti," alisema Walter.

"Baba, umenisikia?"

"Unayakunja kama mama yako alipokuwa akipanda ngazi na ndoo. Moja kwanza, la pili linafuata kwa hasira." Alikuwa akionyesha kwa mkono, mkono wa kulia, ambao sasa ulikuwa umepata la kufanya. "Hakuna aliyewahi kuniambia habari ya magoti. Miaka yote wananiletea habari za jiwe."

Redio ikakwaruza. "Vipi huko chini? Ameruka?"

Lukeria alifungua kinywa, lakini Walter alimtangulia.

"Ameshuka salama," alisema, kwa sauti ile aliyotumia miaka yote lifti ilipowashwa tena. "Endeleeni na kazi."

Kwa hiyo bondeni ikasemwa kwamba ameruka. Bernadette alipigilia msumari kwenye ukuta wa kantini, mahali pa heshima, akaidai picha, na Walter akamwambia iko kwa fundi inasafishwa. Bado ilikuwa kwa fundi Mei. Kila msimulizi aliongeza kimo cha Friji kidogo, na kulikuwa na watu watatu walioapa kwamba walimwona kwa macho yao. Lukeria alipojaribu kuwasahihisha, walimpiga begani na kumsifu kwa unyenyekevu. Aligundua kwamba ukweli, ukishacheleweshwa miaka miwili, huonekana kama madaha.

Walter alipasuliwa, akapona. Kamera ilikwenda naye hospitali na kurudi na picha moja, ya muuguzi akiteleza kwenye sakafu mbichi, trei hewani. Kiangazi chote alilima kabichi zake, akatembelea watu, akasikiliza hadithi ya binti yake na Friji bila kupinga wala kukubali. Novemba, wiki mbili kabla ya mlima kufunguliwa, moyo uliotengenezwa vizuri ukasimama akiwa usingizini.

Jumapili iliyotangulia Lukeria alikuwa amepita kwake mchana kuchukua kabichi. Walizungumza juu ya bei ya matairi ya theluji. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni, ameinama, baba yake akiwa nyuma yake na funguo za gari lake mkononi, alimwambia:

"Siku ya kwanza mkifungua, Lusha, uje polepole. Machi ulipita kabla sijamaliza kutazama."